Nyimbo Zetu Hupotelea Mezani Petu

Ndugu wanachama,

Wako miongoni mwetu, tena watu wenye heshima na vyeo, wasemao ya kuwa habari za waimbaji si habari za chama cha watumishi wa serikali. Chama, wasema wao, kazi yake ni mishahara, vyeo, nyumba, likizo na kiinua mgongo; muziki ni jambo la jioni, mtu akisha kufunga afisi na kuvua koti. Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi, nami leo naomba nafasi katika jarida letu niyapinge. Nadai ya kuwa nyimbo nyingi za Afrika zilizowaponyoka wenyewe hazikuporwa njiani usiku. Zilitoka mchana kweupe, mezani, kwa kalamu, wino na muhuri, yaani kwa zana za kazi yetu sisi. Ikiwa hilo si jambo letu, basi sijui jambo letu ni lipi.

Tazameni habari ya Solomon Linda, ambayo wengi wenu mwaijua nusu. Alikuwa Mzulu wa Msinga katika Natal, aliyechunga ng'ombe utotoni, kisha akaenda Johannesburg kutafuta kazi kama walivyofanya vijana wengi wa wakati wake. Alipata kazi ya kufungasha sahani za santuri katika kampuni ya Gallo, na nje ya saa za kazi aliimba na wenzake, kundi lao likiitwa Evening Birds. Mwaka 1939 waliingia katika studio ya kampuni ile ile, mbele ya Griffiths Motsieloa, Mwafrika aliyekuwa akiitafutia kampuni waimbaji, wakaimba wimbo mfupi uitwao "Mbube", maana yake simba. Maneno yake yalikuwa machache mno. Utamu wote ulikuwa katika sauti. Waliurudia mara tatu, na katika mara ile ya tatu, karibu na mwisho, Linda akaipandisha sauti yake ya juu na kuzua mahadhi ambayo hayakuwa yamepangwa na mtu. Mahadhi hayo ya sekunde chache yameizunguka dunia nzima, na mpaka leo hayajatua.

Sahani zilinunuliwa kwa wingi. Hata kufikia mwisho wa miaka ya 1940 inakadiriwa zilikuwa zimeuzwa kama 100,000, na namna ile ya uimbaji ikapewa jina la mbube kwa ajili ya wimbo huo. Katika mkondo huo ndimo walimotokea baadaye Ladysmith Black Mambazo. Je, Linda alipata nini? Alipewa shilingi 10, na haki ya wimbo ikawa mali ya kampuni. Ninyi mlio hodari wa hesabu, gawanyeni wenyewe. Kwa shilingi ya senti 100, hiyo ni senti moja kwa kila sahani 100.

Yaliyofuata yalitukia ng'ambo. Mnamo mwaka 1949 Alan Lomax, mkusanyaji mashuhuri wa nyimbo huko Marekani, alimpa mwimbaji Pete Seeger sahani ile. Seeger hakujua Kizulu. Alisikiliza, akaandika kama sikio lake lilivyomwambia, na neno la Kizulu likageuka likawa "Wimoweh", ambalo si neno la lugha yoyote. Kundi lake, The Weavers, likautoa wimbo kwa jina hilo mwaka 1952. Mwaka 1961 George Weiss akauvika maneno ya Kiingereza, vijana wa Brooklyn waitwao The Tokens wakauimba kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukashika nafasi ya kwanza katika Marekani. Mwaka 1994 ukaingia katika sinema ya Disney, The Lion King, iliyotazamwa na watoto wa mabara yote, na wetu wakiwamo.

Sasa tulieni hapa kidogo, maana hapa pana neno la karani. Katika karatasi za wachapishaji wa muziki huko Marekani, mahali pa kuandika jina la mtunzi wa "Wimoweh", paliandikwa Paul Campbell. Paul Campbell hakuwako. Lilikuwa jina la kubuni tu, la kupokelea fedha za nyimbo ambazo ziliaminiwa hazina mwenyewe. Sisi tuliopata kuhesabiwa vichwa afisini kwa ajili ya kutafuta watumishi hewa twamfahamu bwana huyu vema. Alikuwa mtunzi hewa, na mshahara wake ulitoka kila mwaka.

Ilikuwaje? Jibu lao lilikuwa kwamba walidhani wimbo ni wa asili, wimbo wa kabila, uliotoka porini kama mvua itokavyo mawinguni. Walakini sahani aliyopewa Seeger ilikuwa na jina la Solomon Linda limepigwa chapa juu yake. Jina lilikuwapo, hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kulihamisha kutoka karatasi moja hadi nyingine. Seeger mwenyewe, kwa haki yake, alipata kumpelekea Linda dola 1,000, na uzeeni alikiri kwamba jambo lile halikwenda sawa. Simtaji ili nimtukane. Namtaja kwa sababu alikuwa mtu mwenye nia njema, naye akiwa na nia yake njema mtu wa Msinga akabaki maskini. Nia njema haijazi fomu.

Linda alikufa mwaka 1962 kwa maradhi ya figo. Kaburi lake lilikaa miaka 18 bila jiwe. Mwaka 2000 mwandishi wa Afrika ya Kusini, Rian Malan, aliieleza habari hii yote katika gazeti la Rolling Stone la Marekani, akakisia kwamba wimbo ule ulikuwa umekwisha kuzalisha dola milioni 15. Binti zake Linda walikuwa wakiishi Soweto katika dhiki.

Na tazameni walivyookolewa, maana hili ndilo linalonifanya niwaandikie ninyi badala ya kuwaandikia waimbaji. Mwanasheria Owen Dean alirudi nyuma hadi katika Sheria ya Hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika katika himaya yote ya Waingereza, Afrika ya Kusini ikiwamo. Ndani yake mna kifungu ambacho wanasheria hukiita kifungu cha Dickens, kwa jina la yule mtunzi wa vitabu: mtunzi akiiuza haki ya kazi yake, basi miaka 25 baada ya kufa kwake haki hiyo hurudi kwa warithi wake, hata mkataba useme nini. Linda alikufa 1962. Ongezeni 25, mwapata 1987. Tangu mwaka huo haki ilikuwa imerudi nyumbani, na hapakuwa na mtu aliyewaambia wenye nyumba. Mwaka 2004 shauri lilifunguliwa Pretoria dhidi ya Disney, na alama za biashara za kampuni hiyo zilizoandikishwa Afrika ya Kusini zikazuiwa kwa amri ya mahakama. Mwezi wa Februari mwaka 2006 pande zote zilipatana. Linda akatambuliwa kuwa mtunzi pamoja na wengine, na warithi wake wakakubaliwa malipo yaanziayo mwaka 1987.

Msifikiri kwamba naisifu himaya. Kifungu kile hakikuandikwa kwa kumpenda Mzulu. Kilikuwako tu, katika kitabu chenye vumbi, kikimngoja mtu wa kukisoma. Nami naona uchungu zaidi kwa jambo jingine lililo katika habari hiyo hiyo: mjane wa Linda alitiwa mbele karatasi ya kutia sahihi katika miaka ya 1980, na binti zake wakatiwa karatasi nyingine mwaka 1992. Walitia. Lau kama mtu mmoja tu mwenye kusoma maneno ya sheria angaliketi nao jioni moja, akawasomea kwa Kizulu neno kwa neno na kuwaambia kinachotoka na kinachobaki! Katika mji wote wa Johannesburg wenye makarani maelfu, huyo hakupatikana.

Nasikia mtu akisema: hayo ni ya Makaburu na Wamarekani, kwetu si hivyo. Kwetu! Haya, niambieni ni nani aliyetunga "Malaika". Walio wengi humtaja Fadhili William wa Kenya, aliyeurekodi wimbo huo na kujulikana kuwa mwenyewe. Wengine humtaja Adam Salim wa Tanganyika, wakisema aliutunga katika miaka ya 1940. Miriam Makeba aliupeleka duniani, Boney M wakauimba kwa lafudhi yao mwaka 1981, harusi ngapi hazijaimba; nasi watu wa Kenya na Tanzania bado twabishana barazani. Mimi simhukumii yeyote. Nasema tu kwamba ubishi huu hauna mwisho kwa sababu moja iliyo nyepesi: siku ile wimbo ulipozaliwa hapana aliyeandika katika daftari jina la mtunzi na tarehe. Mstari mmoja ungalitosha. Tumeandika kwa uangalifu idadi ya mikia ya ng'ombe waliooshwa katika josho, twakosa mstari mmoja kwa ajili ya wimbo wa Kiswahili unaojulikana kuliko zote.

Kisha lilikuja jambo la "hakuna matata". Mtakumbuka kelele za mwaka 2018. Ilijulikana kwamba Disney, tangu mwaka 1994 ilipotoka ile sinema, waliomba maneno hayo mawili yaandikishwe Marekani kuwa alama ya biashara ya nguo, wakakubaliwa mwaka 2003. Mtu mmoja wa Zimbabwe akaanzisha waraka wa kuwapinga, na watu kwa makumi ya maelfu wakatia majina yao. Watu wa pwani walighadhibika, na ghadhabu ilikuwa na haki yake. Them Mushrooms wa Kenya walikuwa wameyaimba maneno hayo mwaka 1982 katika "Jambo Bwana", miaka 12 kabla ya yule simba wa kuchorwa, na wazee wetu waliyasema kabla ya kuwako sinema yoyote. Lakini alama ile haikumzuia mtu wa Tanga kusema hakuna matata, wala hakimiliki ya wimbo si kitu kimoja na alama ya fulana. Tuliyalilia maneno mawili yasiyo ya mtu, nayo yangali yetu vinywani, huku nyimbo zilizo za watu, wenye majina na watoto wa kusomesha, zikipita kila siku mbele ya macho yetu hazina hata mstari katika orodha. Ni rahisi kutia jina katika waraka wa kumlaani tajiri wa mbali. Kukaa na mpiga gitaa wa mtaani kwako na kumjazia fomu mpaka ikamilike, hilo lataka subira.

Wala msinambie kwamba mnyang'anyi ni mgeni sikuzote. Wimbo wa "Jerusalema" uliotoka 2019 ni wa Waafrika watupu: Master KG aliyeupanga muziki na Nomcebo Zikode aliyeimba. Mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya maradhi, dunia iliucheza, manesi na mapadre wakiucheza. Mwaka 2021 Bibi Nomcebo akasema hadharani kwamba hajapata hata senti ya mauzo kutoka kwa kampuni, na mabishano juu ya mafungu yakatapakaa magazetini. Sikuwamo katika mapatano yao, siwezi kusema nani mkweli. Ila naona ya kwamba wimbo ulikwisha kuizunguka dunia, na watu waliouimba pamoja walikuwa bado wanabishana kila mmoja fungu lake ni lipi. Karatasi ya kugawana mafungu huandikwa kabla ya kutoka studio. Ni ukurasa mmoja. Karani aliyefaulu mtihani wake wa kwanza aweza kuiandika.

Liko pingamizi moja lenye uzito, nami nitalijibu kwa adabu kwa kuwa hutoka kwa wazee. Husema kwamba nyimbo kwetu ni za watu wote, na kwamba kumwandika mtu mmoja kuwa mwenye wimbo ni desturi ya kigeni. Hilo ni kweli kwa ngoma za unyago na jando, na nyimbo za kutwanga na kuvuta nyavu; hizo ziacheni zilivyo. Lakini utungo wa mtunzi ni kitu kingine, na pwani yetu yajua hivyo tangu zamani. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi wake mnamo mwaka 1858, alilitaja humo jina lake, na Pate alikozaliwa, na mwaka wa Hijra 1275. Mtunzi, mahali, tarehe! Hakungoja afisi ya hakimiliki imfundishe. Washairi wengi wa tenzi walifanya vivyo hivyo. Na Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, tungo zake leo twazisoma kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah alihangaika kuzikusanya vinywani mwa watu na kuziandika pamoja na yule padre Taylor. Basi desturi ya kigeni ni ipi? Naona ugeni uliopo ni huu wa kuandika "mtunzi hajulikani" pasipo kuuliza.

Maana maneno hayo, "hajulikani" na "wimbo wa asili", twayaandika sisi. Yamo katika orodha za vipindi, katika programu za sherehe, juu ya majalada ya kanda na katika vitabu vya nyimbo za shule. Kila ayaandikaye kwa uvivu amfungulia mlango Paul Campbell mwingine. Katika enzi hii ya kuuza nyimbo kwa mtandao mambo yamezidi ukali, kwa sababu mashine haiulizi. Palipo wazi, wa kwanza kujiandika ndiye alipwaye. Vijana wa bongo fleva, angalau walio wakubwa, wana mawakili na mameneja. Nawafikiria zaidi watunzi wa kwaya za vijijini, wapigaji wa zeze na marimba, bibi wa taarabu aliyekwisha kuzeeka. Hao ndio akina Linda.

Nao wakija afisini, twawapokeaje? Tusiseme uongo sisi kwa sisi. Tanzania ina sheria yake tangu 1999, iliyoanzisha COSOTA, na Kenya ina yake tangu 2001. Fomu zipo, hakuna aliyezificha. Lakini mzee aliyetoka mbali na tungo zake katika daftari la shule aambiwa njoo kesho. Kesho aambiwa mwenye faili yuko semina. Siku ya tatu aulizwa kama hana chochote cha kuwapa vijana wanywe chai. Mara ya nne haji. Tumemkuta Linda wetu mlangoni, tukamrudisha kwa nauli yake mwenyewe, kisha jioni twaketi kuzilaani kampuni za Marekani.

Kwa wale wasemao kwamba mtumishi mwenye cheo hujishusha akishughulika na waimbaji, nataja watu wawili tu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, aliyepata kuuza vyungu barabarani, alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba katika sahani za santuri, akafariki mwaka 1950. Maisha yake twayajua kwa kuwa kuna mtu aliyeyaandika kitabu kizima. Mtu huyo ni Shaaban Robert, naye riziki yake ilitoka wapi? Alikuwa karani wa serikali, miaka mingi katika idara ya forodha. Alitoka afisini kama mimi na wewe, akafunga kabati lake la mafaili, akaichukua kalamu ile ile akamwandika mwimbaji. Sijasikia kwamba cheo chake kilipungua.

Basi naleta hoja mbele ya halmashauri, iandikwe katika ajenda ya mkutano ujao. Kwamba kila tawi liteue wanachama wawili, ambao jioni moja katika juma watakaa mahali panapojulikana, bila malipo wala chai, kuwasomea waimbaji na watunzi mikataba yao kabla hawajatia sahihi, na kuwasaidia kuandikisha tungo zao. Kwamba wanachama walio katika redio, shule na idara za utamaduni waache kuandika "mtunzi hajulikani" mpaka wamekwisha kuuliza mahali wimbo ulipotoka, na jina la aliyeulizwa liandikwe pia. Na kwamba mwanachama atakayeshtakiwa kwa kumdai mtunzi fedha ili apige muhuri aitwe mbele ya tawi lake ajieleze.

Nimekwisha kumpata mtu wa kuiunga mkono hoja hii katika tawi letu. Nangoja wengine waniandikie kwa anwani ya jarida, na wale wenye kupinga waniandikie vilevile, lakini watie majina yao.

Wasalaam,
Mimi karani mwenzenu wa masijala